Usiku Nilipoalika Ziwa Zima

Asubuhi hii nimepenga kamasi nyeusi mara tatu kwenye meza ya chai hotelini, na mhudumu akajifanya anatazama mitumbwi. Anajua. Jana magharibi, kabla ya boti ya mwisho kurudi Jinja, alinionya: “Mzee, mwezi umeandama. Funga dirisha, usiwashe taa.”

Mimi mtu wa Mbale, niliyekua nikiona nsenene wakivutwa kwa taa kali hadi kikaangoni, nikamjibu kwamba wadudu wa taa kwetu ni kitoweo. Nikawasha taa, nikafungua dirisha nipate upepo, nikaenda kuoga.

Nilipotoka, ukuta mweupe ulikuwa mweusi, tena unapumua. Visubi wa ziwa! Nikapiga ukelele, na kinywa changu kikawa dirisha la pili. Nikatimka nje, taulo likanasa kwenye kitasa, likabaki. Mlinzi, kwa heshima zake, akazima tochi.

Lakini viumbe wale ni maajabu. Sehemu kubwa ya maisha yao ni funza tu, wamejizika kwenye tope chini ya Ziwa Victoria. Wengine ni wekundu, kwa kuwa wana hemoglobini kama sisi, inayowasaidia kushika oksijeni kidogo iliyoko topeni. Mwezi unapoandama hupanda juu kwa mamilioni, huvua gamba, huota mbawa, kisha huruka pamoja hadi wavuvi wakaona kama moshi umesimama juu ya maji. Wakishapata mbawa, kuuma hawaumi. Wana siku chache tu za kupandana, kutaga na kufa. Kumbe waliojaa chumbani mwangu walikuwa maharusi, na taa yangu ndiyo iliyowapoteza njia.

 

Hayo nayacheka. Linaloniwasha halina mbawa. Siku niliyowasili, nilipofika mapokezi, chumba nimekwisha kukilipia kwa dola nilizodunduliza tangu Pasaka, niliulizwa kwa adabu kabisa: “Ssebo, wageni uliowaleta wako wapi? Madereva hulala kule nyuma ya jiko.” Nikageuka nyuma kutazama. Palikuwa na ziwa tu, lile ambalo wazee wa Buganda waliliita Nalubaale kabla halijapewa jina la malkia.

Visubi, angalau, waliingia chumbani bila kuniuliza kama ni changu.