Nguruwe Kwenye Kikao cha Posa

Kuku akiota meno. Punda akiota pembe. Kiswahili hakina uhaba wa namna ya kusema jambo haliwezekani, ila mpwa wangu, aliyesomeshwa kwa bei ya kiwanja kizima, huyaona hayo maneno ya kizee. Yeye huchukua misemo ya Waingereza, akaivisha kanzu na kuileta barazani kwetu Ngamiani.

Muuza kahawa alimdai hela ya kashata. "Mimi hukopa mwezi ukiwa wa buluu," akajitetea. Mzee mmoja mvuvi, ambaye mwezi kwake ni hesabu ya bamvua na maji mafu, akaweka kikombe chini.

"Unaandama lini huo?"

Simu zikatolewa. Kumbe ni mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, nao hutokea kila baada ya miaka miwili na nusu hivi. Muuza kahawa akasema afadhali huo, kuna wadeni humu wanaochelewa zaidi. Mimi nikatazama barabarani.

Kijana akaleta la bonge la theluji jehanamu. "Mbali kote huko?" mzee akamkata. "Liweke hapa nje, Februari, saa nane mchana."

Mzee huyo si rahisi kumtania kwa yasiyowezekana. Wataalamu waliamini samaki aitwaye silikanti alitoweka pamoja na dinosaria, mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Huku Tanga, miaka ya 2000, wakawa wananasa kwenye majarife ya papa, tena si mmoja wala wawili, hata mwaka 2009 wakatengewa hifadhi yao ya bahari. Ukimwambia mzee kitu fulani hakipo, huuliza kwanza umetafuta pima ngapi.

Basi siku moja tukaenda Pangani kumposea huyo mpwa wangu. Mazungumzo yalikuwa matamu, halua imeshazunguka, ndipo wenyeji wakauliza kama tungeongeza chochote kwenye mahari. Mshenga hajafungua mdomo, mpwa wangu kadakia: "Labda nguruwe wakipaa."

Kanzu zote zikanyamaza. Shangazi wa binti akauliza, kwa adabu kabisa, kwani nyinyi mnafuga?

Mshenga aliapa hatufugi, hatuli, na jirani zetu pia hawafugi. Haikusaidia. Kilichopaa siku ile ni mahari, na nyongeza yake akatajwa kuilipa mjomba mtu, yaani mimi.