Heko kwa For, Of na In

Wengine na waisifu chumvi ya Uvinza. Mimi navisifu vihusishi vya Kiingereza, vile vijineno vinavyoganda nyuma ya nomino kama kupe sikioni mwa mbwa.

Tulijuana Ilagala, kidato cha kwanza, nikiwa nimetoka shule ya msingi ambako hata hesabu tulisoma kwa Kiswahili. Tukapewa insha kuhusu mawese. Nikachekelea: mawese yenyewe tulikuwa tukiyachemsha nyumbani kwenye pipa, na kucha zangu bado zilikuwa na rangi yake. Nikaandika "demand of palm oil". Wino mwekundu: for. "Increase of the price." In! "The reason of this increase." For! Nimeshaerevuka, nikaandika "the cause for this increase". Of!

Kwetu zote mbili ni sababu ya, basi. Hii -a yetu, masikini, hubadili nguo tu kila ngeli: sababu ya, hitaji la, chanzo cha, mtu ni yuleyule. Hawa wa Kiingereza nguo hawabadili, ila ndoa zao ni za siri. Demand kaolewa na for, increase na in, solution na to. Ukimwulizia mshenga, unaambiwa ndivyo ilivyo.

Nani kama wao kwa ukarimu? Walimu wangapi wa tuisheni wamejenga kwa jasho la of! Tena hawana upendeleo: mtoto wa mvuvi na mtoto wa bosi wanateleza papo hapo.

Waangalieni Ujiji. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone pale, na mwanafunzi akitaka kuisimulia safari ile, aandike "search for Livingstone". Lakini akitanguliza in tu, for anatoroka, of anaingia: "in search of Livingstone". Mzungu ni yuleyule, msako ni uleule. Sisi tunasema kumtafuta. -M- moja, kazi imekwisha, na hakuna aliyewahi kulipia tuisheni ya -m-. Hasara iliyoje!

Juzi mpwa wangu kaniletea daftari: "demand of fish". Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika for, kubwa.

"Kwa nini, mjomba?"

Nikakohoa, nikamtuma jikoni akageuze migebuka.