Kodi Unalipa, Kura Umemwachia Nani?

Ndugu zetu wa Ulaya wakija likizo, kahawa ya kwanza haijapoa wameshaanza siasa. Uraia pacha lini? Kwa nini tusimchague Rais tukiwa hukohuko? Madai yana uzito na mimi nayaunga mkono. Lakini hebu muulize mmoja wao, mwenye pasipoti ya Tanzania na miaka kadhaa ya kuishi Uingereza: diwani wa kata yako huko ni nani? Atakutazama. "Kwani mimi raia wa kule?" Hapo ndipo ninaposonya.

Kura unayo, kaka. Unayo tangu siku uliyopata kibali cha kukaa. Uingereza, raia wa Jumuiya ya Madola hawekwi fungu moja na wageni wengine. Mtanzania, Mkenya, Mganda, na tangu 2009 Mnyarwanda pia, akiwa na kibali halali, hata kama ni viza ya masomo, anaandikishwa kwenye daftari la wapigakura, anachagua diwani, anachagua mpaka mbunge. Tangu Mei 2023 England wanataka kitambulisho chenye picha kituoni, na pasipoti ya nchi yoyote ya Madola inakubalika. Hiyohiyo ya kwetu uliyoifungia sandukuni! Na barua ya halmashauri inayokutaka ujiandikishe, ile unayoitupa pamoja na matangazo ya pizza, ukiipuuza moja kwa moja unaweza kutozwa faini ya pauni 80.

Utaniambia diwani ana nini cha maana. Halmashauri ndiyo inayozoa taka zako. Ndiyo inayoziba mashimo ya barabara za mtaa, inayosimamia maktaba anakokwenda mtoto wako, inayopanga foleni ya nyumba za halmashauri. Kazi ya kuwatunza wazee, ambayo dada na kaka zetu wengi wanaifanya usiku na mchana, sehemu kubwa ya fedha yake inapitia hukohuko. Septemba 2023 halmashauri ya Birmingham ilitangaza kwamba haiwezi tena kulinganisha mapato na matumizi. Mwaka uliofuata kodi ya halmashauri ikapanda kwa karibu asilimia 10 na huduma zikakatwa. Bili ile haikuruka mlango wa mtu kwa sababu tu pasipoti yake ni ya Nairobi au ya Dodoma.

Tena usiseme kura yako moja haitikisi kitu. Mei 2017, kata ya South Blyth kule Northumberland, wagombea wawili walifungana kura. Zikahesabiwa upya, bado sawa. Sheria ya kule inasema wakifungana ipigwe kura ya bahati, basi wakavutishwa vijiti. Aliyepata kijiti kifupi alikuwa wa Conservative, na chama chake kikabaki na viti 33 kati ya 67, pungufu ya kiti kimoja tu kuwa na wingi wa halmashauri nzima. Mtu mmoja angeacha kulala siku ile, vijiti visingehitajika. Na katika chaguzi za madiwani England mara nyingi hujitokeza kama theluthi moja tu ya walioandikishwa, kwa hiyo mtaa wenye familia zetu mia mbili una nguvu ambayo hakuna anayeitumia. Inaniuma.

Sasa msidhani Ulaya yote ni hivyo. Kila nchi ina mlango wake. Sweden ilifungua 1976: mgeni wa nje aliyekaa miaka mitatu anapiga kura ya kommun, yaani halmashauri, na ya mkoa. Uchaguzi wao wote ni siku moja, na karatasi zina rangi. Ya njano ni ya bunge, ya buluu ni ya mkoa, nyeupe ni ya kommun. Mgeni haipati ya njano, lakini nyeupe ni haki yake, na nyeupe ndiyo yenye shule, chekechea na matunzo ya wazee. Msweden wa mshahara wa kawaida hailipi serikali kuu kodi ya mapato ya mshahara ule. Anailipa kommun na mkoa, kwa wastani kama asilimia 32 ya kipato kinachotozwa. Kwa hiyo wanaochagua diwani ni walewale wanaomlipa. Huo ndio utaratibu ninaoupenda.

Ireland wamekwenda mbali zaidi. Ukiwa mkazi umetosha, hata kama bado unaomba hifadhi. Rotimi Adebari alitua pale 2000 akitoka Nigeria kuomba hifadhi, 2004 akawa diwani wa mji wa Portlaoise, na 2007 akawa meya wake, meya wa kwanza mweusi nchini humo. Miaka saba! Halafu 2014 serikali ya Dublin ikayafuta mabaraza yote 80 ya miji midogo, la Portlaoise likiwemo. Loo! Nasonya kwa hilo pia, maana ngazi ile ya chini ndiyo mgeni aliweza kuipanda.

Ubelgiji kuna habari inayotuhusu wenyewe. Pierre Kompany, baba wa yule Vincent wa mpira, alizaliwa Bukavu 1947, mji ambao Kiswahili chake unakisikia sokoni mpaka kanisani. Aliukimbia utawala wa Mobutu, akafika Ubelgiji 1975. Mwaka 2018 wakazi wa Ganshoren, mojawapo ya manispaa 19 za Brussels, wakamweka juu kwa kura na akawa meya, Mwafrika mweusi wa kwanza kushika cheo hicho Ubelgiji. Yeye alikuwa ameshachukua uraia. Asiye raia wa Ulaya naye, sheria ya 2004 inamruhusu kupiga kura ya manispaa akishakaa miaka mitano, ila kugombea hapana, na sharti aende mwenyewe kujiandikisha na kutia saini kwamba ataheshimu katiba. Wengi hawaendi. Mashangazi wa Matonge, ule mtaa wa Waafrika kule Brussels, mnasikia?

Ujerumani mlango umefungwa kwa kufuli. Hamburg na Schleswig-Holstein walijaribu kuwapa wageni kura ya mitaa, Mahakama ya Katiba ikakataa 1990. Mtaliano au Mpolandi anachagua kwa sababu ni wa Umoja wa Ulaya, Mkenya aliyezeeka kiwandani Stuttgart hachagui. Ufaransa, Mitterrand akiwania urais aliahidi kura hiyo 1981, Hollande akaahidi tena 2012. Mpaka leo hakuna kitu.

Mzee mmoja wa kijiwe chetu anapinga: nchi ina wenyewe, mgeni atulie. Namheshimu, ila swali ni nani anaitwa mwenyewe. Kule Appenzell Innerrhoden, Uswisi, wananchi hukusanyika uwanjani Jumapili ya mwisho ya Aprili na kuamua mambo kwa kunyoosha mikono, na dunia nzima inausifu mkutano ule. Mwanamume anaweza kwenda na upanga wa ukoo badala ya kadi ya kura. Wanawake wa palepale, waliozaliwa palepale, walikataliwa na wanaume wao kwa mara nyingine mwezi Aprili 1990. Ilibidi mahakama kuu ya shirikisho iamuru Novemba mwaka uleule ndipo wakaingia uwanjani 1991. Mzee, wale nao walikuwa wageni?

Kwenye nyumba ya kupanga, anayechangia umeme na maji ana neno kuhusu zamu ya kufagia uwani. Sijui ugumu uko wapi.

Na Mrundi je, na Mkongo, ambao nchi zao hazimo kwenye Madola? Jibu lake linakera. Mrundi mwenye kibali akiishi Newcastle, England, hachagui diwani mpaka achukue uraia. Akipanda treni saa moja na nusu hivi, akahamia Edinburgh, anachagua, kwa sababu Scotland ilipitisha sheria yake 2020 inayomhesabu kila mkazi mwenye kibali, na Wales nao wanafanya hivyo. Mtu ni yuleyule, kazi ni ileile, mfalme ni mmoja.