Kumvua Zimwi Nguo Bila Kumchuna Ngozi

Kwanza kabisa, weka kisu chini. Najua kinavyovutia: rangi imevimba begani kwa zimwi, upande mmoja umeshaachia, na kucha inakuwasha kuikwangua. Ukikwangua, rangi itatoka, ila itatoka pamoja na sikio.

Ninaishi Nottingham, Uingereza, mji wenye makao makuu ya Games Workshop, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1975 na iliyotoa mchezo wa Warhammer mwaka 1983. Mchezo huo unachezwa mezani kwa majeshi ya vijisanamu, na kila mchezaji hupaka vyake rangi kwa mkono. Jumapili asubuhi watu hufungua buti za magari yao uwanjani na kuuza vilivyowachosha. Kwa pauni 5 nilipata kopo la biskuti lenye vijisanamu 11, zimwi huyo akiwemo, mitumba halisi. Kwa bei hiyo dukani nisingepata hata kimoja kipya. Tatizo ni kwamba kila mmiliki aliyepita alikuwa amepaka rangi yake juu ya rangi ya mwenzake, na wa mwisho alipaka kama anayepiga lipu ukuta.

Usikitupe kijisanamu cha namna hiyo. Vile vya zamani vilichongwa kwa mkono, kwa udongo wa epoksi unaochanganywa wa buluu na wa njano hadi uwe kijani. Wachongaji kama Jes Goodwin na mapacha Michael na Alan Perry walifinyanga nyuso, mikanda na vifungo katika mwili wenye kimo cha milimita 28 hivi, ambamo jino halizidi punje ya chumvi. Kazi hiyo yote bado ipo chini ya lipu. Ukiambua rangi, unairudisha kazi ya mchongaji machoni pa watu, na ndiyo sababu ya kuifanya polepole.

Rangi nyingi za vijisanamu ni za akriliki. Hukauka maji yake yanaporuka, kisha chembe zake za plastiki hushikana na kuwa utando mmoja. Ndiyo maana ukikiloweka kwenye maji wiki nzima utakitoa kama ulivyokiingiza. Tunahitaji kitu cha kuuvimbisha utando huo mpaka uachie, bila kukigusa kilicho chini yake. Hilo la pili ndilo watu hulisahau.

Kitu hicho kimo kabatini kwa kila mama aliyewahi kulea: Dettol. Nasema ile ya rangi ya kaharabu, yenye harufu ya goti lililochubuka, isiyotiwa hata tone la maji. Chukua chupa ya jamu ya kioo yenye kifuniko, tia kijisanamu, mimina Dettol hadi ikifunike utosi, funga. Cha madini kiache saa 24. Cha plastiki anza kukiangalia baada ya saa 12: kigusie kijiti cha meno mgongoni, na rangi ikikunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa, imeiva. Cha resini usikiamini moja kwa moja, maana resini hazifanani; jaribu kwanza upande wa chini wa miguu.

Sasa shika neno hili hata ukisahau mengine yote: maji yakae mbali. Dettol ikikutana na maji hugeuka nyeupe kama tui. Kila mtu ameiona kwenye beseni. Rangi iliyolainika ikikutwa katikati ya mageuzi hayo huwa ulimbo. Kijisanamu changu cha kwanza nilikipeleka moja kwa moja bombani, na ule utando uliokuwa tayari kuanguka ukanata kwenye kila mkunjo wa nguo, kwenye mswaki na kwenye vidole vyangu. Ilinibidi nikirudishe kwenye Dettol siku nzima nyingine.

Basi fanya hivi. Vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, kwa sababu Dettol kali huunguza ngozi, na fungua dirisha. Mimina Dettol kidogo kwenye kibakuli, chovya mswaki laini wa zamani, sugua kwa mizunguko midogo, chovya tena. Suuza kwa Dettol safi. Rangi ikishaondoka yote, hapo ndipo sabuni ya maji inaingia, na baada ya sabuni, maji.

Zimwi wangu alikuwa na kifua kilichoonekana laini kama kokoto. Mswaki ulipopita mara ya kwanza kikatoka kijani, mara ya pili nyekundu, kisha nyeusi. Chini yake ikatokea deraya, pete kwa pete, kila pete na kivuli chake. Kwapani, mahali ambapo hakuna mchezaji atakayepatazama akiwa mezani, mchongaji alikuwa ameweka kiraka kilichoshonwa kwa nyuzi nne. Nilizihesabu kwa ncha ya sindano. Jino la kushoto lilikuwa limevunjika, na halikuvunjwa na mitumba: alichongwa hivyo.

Usishangae mkono ukibanduka na kubaki chupani. Mara nyingi gundi ya zamani nayo huachia, na hiyo ni nafuu, kwa kuwa utapata kusafisha maungio na kuyagandisha upya. Chuja Dettol unapoihamishia chupa nyingine, usije ukapoteza upanga. Wala usihangaike na doa lililobaki kwenye plastiki. Tunachoondoa ni unene. Rangi mpya italifunika doa.

Dettol ikiwa haba, spiriti ya aisopropili kutoka duka la dawa inafaa pia, na ni ya haraka zaidi. Lakini inashika moto upesi, kwa hiyo isikae karibu na jiko wala mshumaa.

Kuna dawa nyingine utakazoshauriwa, na hapa rahisi ni ghali kwelikweli. Asitoni ya kutolea rangi ya kucha ni nzuri kwa madini matupu. Kijisanamu cha plastiki kitayeyuka ndani yake kama sukari. Mafuta ya breki huambua rangi, nakubali, lakini ni sumu, yanapenya ngozini, na hakuna mtaro unaostahili kumwagiwa. Kostiki hula macho, na ikikuta zinki au aluminiamu hutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Na usichanganye asitoni wala spiriti na JIK kwa matumaini ya kuongeza nguvu. Mchanganyiko huo unaweza kuzalisha klorofomu.

Kuhusu chupa nina ombi, na ninaliomba kwa moyo wote: isiwe chupa ya soda. Sote tumesikia habari za mtoto aliyekunywa mafuta ya taa yaliyowekwa humo. Tumia kioo, andika nje kilichomo, weka juu kusikofikika. Kama una paka, mfungie chumba kingine. Dettol ni sumu kwake, na akikanyaga tone atalamba makucha. Ni sumu kwa samaki pia, kwa hiyo usiimwage mferejini. Iache itulie, tope la rangi litazama, mimina ya juu kwenye chupa nyingine uitumie tena.

Kijisanamu kikiwa kizito kuliko kinavyoonekana, na cha zamani, kichukulie kuwa kina risasi. Hicho usikipige msasa kikavu, maana vumbi lake ndilo baya, na hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kisugue kikiwa kimelowa, nawa mikono kabla ya kushika chakula, na usikifanyie kazi kwenye meza ya kulia.

Kiache kikauke usiku mzima mahali penye hewa, maana unyevu hujificha kwenye mikunjo. Kesho yake kipake rangi ya chini, mkono mmoja mwembamba, usubiri ukauke kabisa kabla ya kufikiria wa pili. Zimwi wangu amesimama dirishani akisubiri wake, kiraka cha kwapani kikionekana. Chupani ameshaingia mwenzake, mpiga ngoma, na kwenye kopo wamebaki tisa.