Kikundi Hakina Deni

Kupanda Uluguru kutoka Morogoro mjini hadi Morningside, kwenye lile jengo la zamani la Wajerumani, hata mwenye kitambi hufika, mradi asiwe na haraka. Kazi ni kuyatoa matembezi hayo kwenye kidude cha GPS na kuyaingiza kwenye kompyuta. Hapo ndipo pumzi hukatika.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha matembezi, mama mstaafu wa benki, alitaka ramani. Nikachomeka waya. Kidude kikawaka, kompyuta ikanyamaza. Waya wenyewe, wa machinga wa Msamvu, kumbe ulikuwa wa kuchaji tu: nyaya za umeme zimo, za data hazimo. Kwa nje huwezi kuutofautisha, na muuzaji alikuwa ameapa kwa jina la mama yake kwamba unafanya kila kitu.

Waya mwingine nikaupata kwa mpwa wangu anayesomea upimaji wa ardhi. Faili la GPX likatoka salama. Lingeingia moja kwa moja kwenye QGIS, programu ya ramani, na hadithi ingeishia hapo, ila mwenyekiti haamini kitu ambacho hajakiona kwenye Excel. Likageuzwa jedwali, akaenda nalo nyumbani kulikagua.

Liliporudi, mpwa akalifungua, akakaa kimya.

"Mjomba, mlipanda mlima wa wapi?"

Nukta zote zilikuwa kusini mwa Ethiopia, jirani na mji wa Sodo. Morogoro iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, na kompyuta huandika kusini kwa alama ya kutoa. Mwenyekiti alikuwa amezifuta alama zote. Nilipompigia simu alijibu bila kusita: "Kikundi chetu hakina deni."

Tukazirudisha. Programu ikauliza safu ipi ni X na ipi ni Y. Watu wengi hutaja latitudo kwanza, lakini X ni longitudo. Mpwa, kwa kujiamini kwa kijana wa mwaka wa pili, akabofya kinyume. Tukatua Hispania, mkoa wa Huelva, upande wa migodi ya Rio Tinto. Jioni ile mwenyekiti akauliza ramani imefikia wapi. Nikamweleza kwamba Ethiopia imeshatoka.

Nyuzi zilipokaa sawa, saa zikaanza vita. Faili la GPX huandika muda wa UTC, ambao uko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Jedwali likaandika 03:00. Mpwa akasoma saa tisa usiku, akashangaa ushujaa wetu. Mwenyekiti akasoma saa tatu asubuhi, akawaka: "Saa tatu mimi nilikuwa juu nakunywa chai!"

Chai yenyewe ilileta kesi nyingine. Sisi tumekaa, kidude mezani kinaendelea kurekodi, na kwa kuwa GPS huyumba mita chache huku na huku, pale jengoni pametokea fundo la uzi, na kila kuyumba kumehesabiwa kuwa mwendo.

Mwisho tukaitandika njia juu ya ramani ya zamani ya 1:50,000. Ikasogea kusini karibu mita 300, tukaonekana tukitembea mahali ambapo hapana njia. Ramani zile zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, GPS hutumia WGS 84, na hakuna aliyekuwa ameiambia kompyuta. Mpwa akaiambia, njia ikarudi barabarani.

Ramani imechapwa. Mwenyekiti ameipitisha, baada ya kukata kilomita zote za wakati wa chai.

Nawe mwenye kidude, faili la GPX liingize kwenye QGIS kama lilivyo. Kusini na mashariki linazijua lenyewe. Excel waachie watu wa michango.