Risala ya Kumsifu Mgeni Atokaye Kwetu kwa Gari

Wamesifiwa masultani, yamesifiwa majahazi, na hata mnazi umepata watungaji wa kuutukuza. Lakini mgeni atokaye kwetu, yule afungaye safari ya gari kutoka Dar es Salaam, akavuka Tunduma na kuikata Zambia hadi Kasumbalesa, ili aje kumzuru sahibu yake aishiye Buluo, kando ya Likasi, katika Katanga ya Juu, hajapata hata ubeti mmoja. Dhuluma hii nimekusudia kuiondoa, na haki ya kusema ninayo, kwani hapiti mwaka bila ya kuubariki mlango wangu.

Nasaba yake, kwanza, ni tukufu. Msiri, Mnyamwezi wa kwetu, alifika katika nchi hii karne ya 19 akiifuata shaba, akapapenda, akakaa, na alipokwisha kukaa akawa mfalme wa Garenganze, mji wake ukiwa Bunkeya. Walipomwua, tarehe 20 Desemba 1891, waliomwua walikuwa wageni vile vile, msafara wa Kapteni Stairs, na mizigo yao ilichukuliwa na wapagazi wa Unguja. Kwa hiyo mgeni wangu, ambaye amekula bukari na sombe yangu, na hakuniua, wala hakutawala ila kitanda changu na rimoti ya televisheni, astahili shukrani.

Wahenga walituusia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walisema kweli, ila walisema kabla ya gari. Siku ya tatu mgeni wangu yumo ndani ya gari, amejifunga mkanda, ana chupa ya maji mkononi na ataka kuiona Kolwezi. Jembe nimpe wapi? Ataka pia kuiona Shinkolobwe, ilikochimbwa urani ya bomu la Hiroshima, na aambiwapo kuwa machimbo yale yamefungwa kwa amri ya serikali tangu 2004, hunitazama kwa huruma, kama mtu aliyenyimwa ruhusa ya kuingia sebuleni kwake.

Sifa zake ndogo nizipitie mbio. Baridi ya Juni hailalamikii, isipokuwa asubuhi na jioni. Zawadi huniletea: tende, ubuyu, na mizigo ya watu wengine ya kupelekwa Lubumbashi. Tena jicho lake ni amana. Gari lake lina usukani wa kulia, na Kongo magari hupita upande wa kulia wa njia, basi dereva aliye nyuma ya lori la shaba haoni kitu ila turubai, na aketiye kushoto ndiye ayaonaye yajayo mbele. Nilimwuliza, tukiwa katika mteremko, kama njia i tupu. Akanijibu, uso ukiwa katika simu: inshallah.

Lakini hayo yote ni vumbi mbele ya sifa yake kuu, nayo ni ukarimu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa atiya, kwa wingi wa utoaji wake. Na lau angalichelewa karne saba kasoro kidogo, akapita njia ya Likasi na Kolwezi, angalimvua Sultani lakabu ile akamvika mgeni wangu. Sultani alitoa mali ya hazina yake, jambo jepesi. Mgeni wangu hutoa mali ya mwenyeji wake, jambo litakalo moyo mpana zaidi. Penye kila kamba iliyotandwa njiani, mimi hushusha kioo kiasi cha kupitisha karatasi, nikaamkia kwa ufupi na kutazama mbele. Yeye hushusha chake chote, akatoa kichwa, akauliza hali ya mama na watoto, akatangaza kwamba ametoka Tanzania kutalii, na, ili asidhaniwe mwongo, akaonyesha saa yake mpya. Askari hufurahi. Hufurahi na mwenziwe, na wa tatu aliyekuwa amelala chini ya mwembe. "Papa," huniambia mimi, "na sisi tuko na njaa." Hapo mgeni hunishika bega kwa upole: "Wape, kaka, nao ni binadamu." Thawabu apata yeye. Na hapa Buluo penyewe, mahali panapojulikana kwa gereza lake, aliinua simu kuupiga picha ukuta, katika nchi ambayo picha ya daraja tu yaweza kukuweka ofisini mchana kutwa; na ukarimu wetu siku ile ulifika daraja ambayo Kilwa haikuiota.

Lakini kamba ile ni ya nini? Na hii ya pili, ambayo aliyeishika aonana kwa macho na mwenye ile ya kwanza? Ushuru wa njia nimelipa, na risiti hii hapa! Ashikaye kamba simlaumu sana. Ana watoto, na mshahara wake huja umechelewa na umekonda. Alilokusanya halilali kwake lote. Jioni hupanda ngazi, na kila daraja ikamega chake, hata likamfikia bwana wa kiyoyozi asiyepita njia hii ila kwa king'ora, na apitapo yeye kamba huwa imekwisha kulala chini. Mabwana wa namna hiyo ndio waliopiga makofi tarehe 8 Aprili 2022, Kongo ilipotia sahihi mjini Nairobi kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo itifaki yake ya soko la pamoja, iliyoanza kutumika 2010, yamwahidi raia uhuru wa kwenda nchi hata nchi. Habari hiyo nimewasimulia wenye kamba. Waliipenda, wakauliza kama Jumuiya imewaletea soda.

Mgeni wangu ndiye mtu pekee nimjuaye aliyeiamini sahihi ile.

Basi jamaa mlioko nyumbani, njooni. Ila dola zenu ziwe mpya, na ziwe ndogo ndogo, maana huku noti iliyochanika kiasi cha ukucha haipokewi na mtu, hata mwenye kamba.