Bibi Stajeni na Daraja la Miguu ya Mbao

Chini ya daraja la mto Columbia, pale maji yanapoitenga Portland ya Oregon na Vancouver ya Washington, anaishi Bibi Stajeni, samaki mwenye mgongo wa mafundo ya mifupa na umri uliopita miaka mia. Alikuwepo daraja la kwanza lilipofunguliwa mwaka 1917, gari likivuka kwa senti tano. Alikuwepo la pili lilipoongezwa ubavuni mwaka 1958. Naye anajua jambo ambalo wanyama wa nchi kavu hupenda kulisahau: nguzo zile zimekalia magogo yaliyopigwa mchangani. Siku ardhi itakapotikisika kwa nguvu, mchanga huo utageuka uji.

Kusini wanakaa biva, mafundi wa kuangusha miti na kuziba mito. Kaskazini wanakaa dubu. Kwa biva hakuna kodi ya mauzo. Kwa dubu hakuna kodi ya mapato. Basi Jumamosi dubu huvuka na makapu matupu, wakarudi yamefura. Siku za kazi huvuka tena kutafuta mshahara kwa biva, na huko hukatwa kodi ya biva, donda ambalo halijapona hadi leo. Foleni ni hiyo hiyo moja. Na chombo kirefu kikija, kipande cha daraja hunyanyuliwa, na foleni ikalala.

Biva wakasema: tujenge jipya, pana, na nyoka wetu apite juu yake. Nyoka ndiye reli nyepesi, aliyeanza kutambaa Portland mwaka 1986. Mwaka 2004 kichwa chake kilifika kituo cha Expo, karibu na mto, na hapo akalala. Harufu ya maji anaisikia, kunywa hawezi.

"Huyo hatumtaki," wakanguruma dubu. "Atatuletea wezi."

Bibi Stajeni alicheka mpaka akatoa mapovu. Mwizi gani huyo, amebeba televisheni begani, anasubiri reli kituoni kwa adabu?

Lakini nyoka hakuwa pambo. Tai kipara, mwenye hazina ya nchi nzima, alitarajiwa kutoa dola milioni 850 kwa ajili ya nyoka. Nyoka asipopita, fungu hilo nalo halipiti.

"Jirani yangu," akasema Mzee Biva kikaoni, "bila nyoka hakuna daraja."

"Na bila daraja hakuna nyoka," akajibu Mzee Dubu. Wakaachana hapo, kila mmoja akiamini amemfunga mwenzake mdomo.

Waliokuwa na raha ni kunguru. Kunguru hawabebi mawe wala hawazamii mto. Wao ni washauri, huchora. Mchoro ukikataliwa huchora mwingine, na kila mchoro una mlo wake. Siku moja wakaja walinzi wa pwani wa Tai na kamba ya kupimia: futi 95 juu ya maji, daraja hili ni fupi. Kule juu ya mto wako korongo wanaounda mitambo mirefu na kuishusha kwa mto. Wataipitishia wapi? Kunguru wakafuta, wakaandika futi 116. Korongo ambao mizigo yao ingegonga hata hapo wakaahidiwa fidia ya dola milioni 86. Mimi ningedhani mtu hupima kwanza vinavyopita chini ya daraja, ndipo akalichora, lakini mimi si kunguru.

Novemba 2012 dubu wa wilaya ya Clark waliulizwa kama watakubali nyongeza ya kodi ya kumlisha nyoka. Wakakataa. Machi iliyofuata biva wakaidhinisha dola milioni 450 na kugeuza macho kaskazini, wakingoja wenzao watoe kiasi hicho hicho. Ilipofika mwisho wa Juni, Seneti ya dubu ikafunga kikao bila kutoa hata senti. Baadhi walipiga makofi. Zaidi ya dola milioni 170 zilikwisha kuliwa, na hakuna hata nguzo moja mpya iliyosimama majini. Jumatatu wote wakaenda kazini, kwa daraja lile lile.

Jambo la daraja likanyamaza, hadi Tai alipokumbusha: jengeni, au nirudishieni dola milioni 140 zangu. Hakuna kinachofufua mapenzi ya daraja kama deni. Mwaka 2019 vikao vikaanza upya, kunguru wakanoa kalamu, na mwaka 2022 makadirio yakatua kati ya dola bilioni 5 na bilioni 7.5. Nyoka yumo. Tozo ya kuvuka imo. Dubu wananguruma.

Samoni wanaorudi kutoka baharini kwenda kutaga hupita hapo na kumwamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu."

"Jipya limeanza?"

"Piteni tu. Ni hilo hilo."

Mmoja wao, mdogo, alishangaa kumwona bibi mzima amelala kwenye mkondo mkali, ilhali kwenye nguzo kuna kivuli na maji yametulia.

"Mbona hulali pale, Bibi?"

"Nilikuwa nalala pale," akasema Bibi Stajeni, "kabla sijaanza kuwasikiliza wanavyojadiliana huko juu."